Asaiklovia Inapogoma: Mwongozo Kamili wa Kusoma Mabadiliko ya Kimeng'enya cha Herpesi

Desemba moja, malori ya korosho yakiwa yamejaa barabara ya Newala, mama mmoja aliingia chumbani kwangu CTC, kliniki ya wenye VVU, akafungua pindo la kanga na kuniwekea mezani maboksi matatu matupu ya asaiklovia, dawa ya herpesi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akayapanga maboksi yale moja juu ya jingine kama mtu anayehesabiana deni. "Zote nimemeza, mwanangu. Hiki kidonda ndiyo kwanza kinatanuka."

Kidonda kilikuwa kando ya njia ya haja kubwa, kipana kama kiganja cha mtoto, kingo nyekundu, umri wake miezi miwili. Nikamwandikia valasaiklovia akanunue mjini kwa hela yake ya korosho. Wiki mbili baadaye akarudi na boksi la nne, nalo tupu. Kidonda palepale.

Kosa lilikuwa langu. Yeye alimeza dawa, na aliyemuuzia alimpa dawa nzima. Valasaiklovia ni asaiklovia ileile, imebadilishiwa gunia tu. Kazi ikiwa imekwama kwa mbanguaji, ambaye nitamweleza chini, gunia jipya halisaidii. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyopaswa kuyajua siku ile, na nayaandikia matabibu, wauguzi, wafamasia na watu wa maabara wa huku kwetu Mtwara na Lindi. Mgonjwa naye asome akipenda, ila asitoke hapa akaenda kujinunulia dawa: mbili tatu kati ya zitakazotajwa chini zinaweza kumharibia figo.

Hatua ya 1: Ifuate dawa kuanzia mdomoni hadi inapoua

Asaiklovia unayomeza haiui kitu. Ni korosho ghafi.

Aliyekulia Tandahimba au Nachingwea anaijua kazi ya korosho ya nyumbani. Kwanza zinachomwa juu ya bati, mafuta ya ganda yanaruka na kuunguza vidole, halafu zinabanguliwa kwa kugongwa moja moja. Pili zinamenywa ile ngozi nyembamba. Tatu zinapangwa madaraja. Asaiklovia nayo ina kazi tatu mbele yake: inatakiwa ipachikwe fosfeti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ikipata zote tatu ndipo inakuwa silaha.

Fosfeti ya kwanza, yaani kubangua kwenyewe, hupachikwa na kimeng'enya cha virusi, kinaitwa kinasi ya thaimidini, kwa kifupi TK. Virusi vya herpesi hukitengeneza kutoka kwenye jeni yao iitwayo UL23. Seli ya binadamu nayo ina TK yake, lakini hiyo ikiiona asaiklovia inaipita kama haijaiona. Fosfeti ya pili hupachikwa na kimeng'enya cha seli yenyewe, kinasi ya guanilati, na ya tatu na vimeng'enya vingine vya seli. Hao wamenyaji na wapanga madaraja wapo kila siku, hawana mgomo. Lakini korosho isipobanguliwa watakaa mikono mapajani.

Dawa ikishapata fosfeti tatu inafanana na herufi G ya DNA. Mwandishi wa virusi, yaani polimerasi ya DNA inayotoka kwenye jeni ya UL30, anaichukua na kuichomeka kwenye uzi anaoujenga. Tatizo lake ni kwamba asaiklovia haina ile ndoano ya kushikia herufi inayofuata. Uzi unakomea hapohapo, na polimerasi yenyewe inanasa juu yake.

Kwa hiyo virusi ndivyo vinavyojibangulia sumu. Howard Schaeffer aliitengeneza dawa hii mwaka 1974 katika kampuni ya Burroughs Wellcome, na Gertrude Elion na wenzake wakaonyesha jinsi inavyoamshwa. Elion alipata tuzo ya Nobel mwaka 1988, pamoja na George Hitchings na James Black. Walikuta dawa iliyokamilika ndani ya seli yenye virusi ikiwa mara 40 hadi 100 ya ile iliyomo kwenye seli nzima. Ndiyo maana mgonjwa anaimeza miezi na nywele zake zipo, tumbo lake limetulia. Binafsi sijui dawa nyingine yenye hila nzuri kuliko hii.

Sasa jiulize: ungekuwa wewe ndiye virusi, ungejiokoaje? Jibu jepesi ni kumfukuza mbanguaji. Na ndivyo vinavyofanya. Katika visa vya usugu kwa asaiklovia vinavyothibitishwa, 95 hivi katika kila 100 kosa liko kwenye TK, na vilivyobaki viko kwenye polimerasi.

Mbanguaji anaweza kuharibika kwa namna tatu, na tofauti hii uishike mapema kwa sababu tutairudia. Namna ya kwanza na ya kawaida zaidi, hayupo kabisa: kimeng'enya hakitengenezwi, au kinatoka kipande kisichofaa. Ya pili, yupo ila mvivu: kinatengenezwa kidogo mno. Ya tatu ndiyo ya kijanja. Yupo, anafanya kazi yake vizuri, anaibangua thaimidini ya virusi kama zamani, lakini ukimletea asaiklovia anaisukuma pembeni. Hii ya tatu ni adimu.

Hatua ya 2: Usivishtaki virusi kabla hujajikagua

Mtu mwenye kinga nzuri ni nadra kubeba herpesi sugu, chini ya mmoja kwa kila 100. Kwa wenye kinga iliyoshuka inapanda hadi 5 hivi kwa 100, na kwa waliopandikizwa uboho inapanda zaidi. Kwa hiyo hata pale CTC, kidonda kisichopona mara nyingi kina sababu ya kawaida kuliko jeni.

Anza na dozi. Herpesi ya sehemu za siri kwa mtu mwenye VVU ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 5 hadi 10. Nimekuta kadi zimeandikwa miligramu 200 mara tatu, kwa sababu duka lilikuwa na vidonge vya 200 na aliyetoa dawa akahesabu vidonge badala ya miligramu. Nimekuta pia mgonjwa amepewa tyubu ya krimu peke yake kwa kidonda cha kina. Hapo hakuna usugu wowote, hakuna dawa.

Halafu uliza imemezwaje. Huku kwetu swali la maana ni moja: "Msimu ulilala wapi?" Kuanzia Oktoba watu wanahamia mashambani, wanalala vibandani, na pakiti ya vidonge inabaki nyumbani juu ya kabati. ARV nazo hivyohivyo. Yule mama wa maboksi manne alikuwa mwaminifu kwa asaiklovia kwa sababu kidonda kilimuuma. ARV hazikumuuma, akaziacha tangu zilipoanza kudondoka korosho za kwanza. Hilo nililijua baadaye sana, kwa sababu sikuuliza.

Asaiklovia ya kumeza hufyonzwa kidogo, asilimia 10 hadi 20 tu ndiyo inayofika kwenye damu. Valasaiklovia hufikisha asilimia 54 hivi. Gunia lina maana basi pale tatizo likiwa ni usafiri: anayeharisha, anayetapika, asiyeweza kukumbuka dozi nyingi kwa siku. Nisieleweke kwamba naidharau.

Kagua utambuzi wenyewe. Kidonda cha kaswende, kankroidi, kifua kikuu cha ngozi, hata saratani, vyote vinaweza kukaa mahali palepale vikajifanya herpesi, na viwili vinaweza kukaa kidonda kimoja. Pima kaswende hata kama una uhakika. Kidonda cha miezi kinachoota nyama kikatiwe kipande kipelekwe kupimwa. Kumbuka pia kwamba mtu aliyeanza ARV juzi anaweza kulipuka vidonda kwa sababu kinga inaamka na kupigana. Huyo usimwite sugu, mwendelezee tiba zote.

Ukimaliza hayo yote, dozi ni kamili, imemezwa kweli, ni herpesi, na siku 7 hadi 10 zimepita kidonda hakijaanza hata kusinyaa, hapo sasa vishuku virusi. Na ukiona CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, iko chini ya 100, vishuku mapema zaidi.

Hatua ya 3: Chukua sampuli inayosema kitu

Ichukue mgonjwa akiwa bado anameza dawa. Ndani ya kidonda kimoja kuna mchanganyiko, virusi vyenye TK na visivyo nayo. Dawa ikiwepo, visivyo na TK ndivyo vinavyotawala. Ukimsimamishia dawa wiki mbili "ili kipimo kiwe safi", vile vya kawaida vinarudi na kuwafunika wenzao, na ripoti inakuja imeandikwa kwamba hakuna tatizo.

Osha usaha na magamba kwa maji ya chumvi ya hospitali. Tafuta ukingo ulio mpya, pale panapoendelea kula, acha katikati penye utando. Swabu iwe ya nyuzi za polista yenye kijiti cha plastiki. Zile za aljineti ya kalsiamu na zenye kijiti cha mbao zinaweza kuharibu kipimo. Sugua kwa nguvu kidogo na kuzungusha, mwambie mgonjwa mapema kwamba itauma. Ingiza kwenye kichupa chenye majimaji ya kusafirishia virusi, vunja kijiti, funga.

Kama sampuli inakwenda kuoteshwa, iweke kwenye nyuzi 2 hadi 8 na isikae. Usiitupe kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri, virusi vinakufa humo. Kama inakwenda kusomwa jeni tu, mambo ni mepesi: hakuna haja ya virusi hai, na DNA ikishachujwa inavumilia safari. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, na sisi wa Kusini hatuhitaji kukumbushwa kwamba barabara yetu ni moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, mabasi yalilala njiani. Boksi la barafu halingojei daraja litengenezwe. Zungumza kwanza na maabara ya hospitali yako ya rufaa, iwe Ligula au Sokoine, mkubaliane nani anachuja DNA na nani anasafirisha, ndipo umwite mgonjwa.

Kwenye fomu usiandike "kidonda" peke yake. Andika dawa, miligramu, siku alizomeza, CD4 na wingi wa virusi vya VVU, na mahali kidonda kilipo. Anayesoma jeni bila habari hizo anasoma barua isiyo na anwani.

Hatua ya 4: Soma ripoti kwa mkono wako

Hapa ndipo wengi wetu tunakimbia, tunaruka hadi mstari wa mwisho kutafuta neno "sugu". Usiruke. Chukua karatasi na kalamu.

Kwanza angalia ni HSV-1 au HSV-2, yaani aina mbili za virusi vya herpesi, kwa sababu hesabu za herufi zinatofautiana kidogo. Mifano yangu ni ya HSV-1. TK yake ni mnyororo wa amino asidi (matofali ya protini) 376, na kila amino asidi imeandikwa kwa herufi tatu za DNA.

Ndani ya jeni hiyo kuna mahali pawili penye kigugumizi. Pa kwanza ni herufi ya 430 hadi 436, zimefuatana G saba. Pa pili ni 548 hadi 553, zimefuatana C sita. (Kwenye HSV-2 ile foleni ya G iko 433 hadi 439.) Polimerasi ikifika hapo inateleza, kama mtu anayehesabu korosho mbilimbili usiku, akapitiliza moja au akarudia moja. Makosa ya namna hii kwenye foleni hizi mbili ndiyo yanayokutwa mara nyingi kuliko yote, basi macho yako yaanzie hapo.

Andika herufi za kawaida kuanzia ya 430, ukizigawa tatu tatu:

GGG GGG GAG GCT GGG

Zisome: glisini, glisini, asidi ya glutamiki, alanini, glisini. Hizo ni nafasi ya 144 hadi 148. Sasa ongeza G moja, ziwe nane, halafu gawa upya:

GGG GGG GGA GGC TGG

Glisini, glisini, glisini, glisini, triputofani. Umeona? Herufi moja tu, lakini kila kilichofuata kimesogea hatua moja, na maneno yote ya mbele yamegeuka. Fanya na upande wa pili, punguza G zibaki sita:

GGG GGG AGG CTG GGA

Glisini, glisini, ajinini, lusini, glisini. Yaleyale, kwa upande mwingine. Mnyororo unaendelea kuandikwa upuuzi na kwa kawaida unagonga alama ya kukomea mapema. Mfuko wa kimeng'enya unaoshika dawa uko mbele ya hapo, karibu na nafasi ya 168 hadi 176, kwa hiyo haujengwi kabisa. Hiyo ndiyo namna ya kwanza: mbanguaji hayupo. Kwenye ripoti utaiona imeandikwa kama nyongeza au upungufu wa herufi, au kama nafasi fulani imegeuka alama ya kukomea. Ukiona hivyo huna haja ya kuongeza dozi. Sifuri ukiizidisha mara mbili ni sifuri.

Kuna jambo moja dogo kuhusu zile G nane ambalo hunifurahisha. Hata mashine ya seli inayosoma ujumbe na kujenga protini nayo huteleza pale pale, mara chache sana. Ikiteleza mbele na kuruka herufi moja inalisahihisha kosa bila kukusudia, na kimeng'enya kizima kidogo kinatoka. Kidogo mno kwa dawa kufanya kazi, lakini si bure kwa virusi. Tutaona faida yake kwenye hatua ya mwisho.

Kama hakuna herufi iliyoongezeka wala kupungua, tafuta badiliko la amino asidi moja. Linaandikwa herufi, namba, herufi: C336Y ina maana nafasi ya 336 ilikuwa sisteini, sasa ni tairosini. Hapo usihesabu mabadiliko mangapi. Angalia yako wapi. Nafasi ya 51 hadi 63 ni mfuko wa ATP, yaani anayetoa fosfeti. Ya 168 hadi 176 ni eneo la kushikia thaimidini na dawa. Badiliko ndani ya maeneo haya lina uzito. R176Q na C336Y zinajulikana kwa ile namna ya tatu, mbanguaji anayechagua: thaimidini anaichukua, asaiklovia anaikataa. Nafasi ya 336 iko mbali ukihesabu kwenye mnyororo, lakini protini inapojikunja inasogea na kuathiri umbo la mfuko.

Halafu kuna tofauti za kuzaliwa nazo. TK ya herpesi ina sura nyingi, virusi vya mtu huyu havifanani na vya jirani yake hata kama wote wanaponywa na asaiklovia. N23S, K36E, R89Q na A265T ni za aina hiyo, hazina madhara kwa dawa. Ripoti yenye mabadiliko manne inaweza kuwa ya virusi visivyo na tatizo, na yenye badiliko moja ikawa ya virusi sugu kabisa. Nimeona mwenzangu akimwambia mgonjwa "virusi vyako vimebadilika mara nne" kwa sauti ya msiba. Vilikuwa vya kawaida tu.

Badiliko usilolijua usilibahatishie jina. Hapo ndipo kipimo cha kuotesha kinapata kazi: virusi vinaoteshwa kwenye seli, vinawekewa dawa kwa viwango tofauti, na kuangaliwa ni kiwango gani kinapunguza matundu ya virusi kwa nusu. Kwa asaiklovia, maabara nyingi huita sugu kuanzia mikrogramu 2 kwa mililita.

TK ikiwa safi kabisa na mgonjwa haponi, omba UL30 isomwe. Mbanguaji yupo, korosho ziko tayari, ila mnunuzi wa mwisho amejifunza kuzikataa. Hili lina uzito kwa sababu baadhi ya mabadiliko ya polimerasi yanaziharibu pia zile dawa ambazo ungekimbilia.

Hatua ya 5: Chagua dawa kwa kuuliza nani anaibangua

Kwa kila dawa unayoifikiria uliza swali hilo moja. Valasaiklovia ni TK. Famsiklovia, ambayo mwilini hugeuka pensiklovia, ni TK. Mbanguaji akiwa hayupo, zote tatu zimekufa siku moja. Wale wa namna ya tatu mara chache hubaki wanaikubali pensiklovia, lakini usimjengee mgonjwa tiba juu ya bahati hiyo bila kipimo.

Sidofovia inakuja na fosfeti yake ya kwanza kutoka kiwandani, au kitu kinachofanya kazi hiyo. Ni korosho iliyokwisha banguliwa. Zilizobaki mbili hupachikwa na seli, TK haihitajiki. Kwa mshipa ni kali sana kwa figo. Jeli yake ya asilimia 1 hupakwa kwenye kidonda mara 2 hadi 4 kwa siku.

Fosikaneti haihitaji hata hao wengine. Inakwenda moja kwa moja kuziba polimerasi. Ndiyo dawa kuu ya herpesi sugu: miligramu 40 kwa kila kilo ya mgonjwa, kila saa 8, kwa mshipa, taratibu, hadi kidonda kifunge. Ni ya kulazwa. Mpe maji ya dripu kwanza, pima kreatinini, kalsiamu, magnesiamu na potasiamu mara kwa mara. Mgonjwa akikwambia midomo inamcheza au vidole vinamwasha kama sisimizi, kalsiamu inashuka, usimwambie avumilie. Dawa hii hutoka na mkojo na huunguza ngozi, inaweza kuleta vidonda vipya palepale ulipokuwa unaponya vya zamani, kwa hiyo anywe maji mengi na aoshe kila anapotoka haja ndogo.

Imikwimodi krimu ya asilimia 5 haigusi virusi, inaiamsha kinga ya ngozi. Inapakwa mara 3 kwa wiki, inaachwa saa 8, inaoshwa. Kwa kidonda cha nje kinachofikika, na kwa mazingira yetu, hii ndiyo ninayoifikiria mapema kuliko wengi wanavyofanya.

Na juu ya zote, ARV. Virusi visivyo na TK hustawi kwa mtu ambaye kinga haivisumbui. Yule mama wingi wa VVU ulikuwa juu sana. Tulianza naye upya, tukapanga na binti yake namna ya kumpelekea vidonge shambani, tukaongeza imikwimodi. Kidonda kilichukua majuma kumi kufunga. Ripoti ya jeni, iliyopita kwa rafiki aliyekuwa kwenye utafiti, ilifika kimebaki kovu. Ilisema G nane.

Ukikosa ripoti kabisa, amua kwa mwenendo: dozi kamili, siku 10, hakuna nafuu, sababu nyingine zimeondolewa. Usizunguke kati ya dawa ndugu. Mpeleke rufaa, na kwenye barua andika wazi kwamba unashuku TK, ili naye wa mbele asianze na valasaiklovia.

Ndugu wengine wa ukoo wa herpesi wanafuata mantiki ileile. Virusi vya mkanda wa jeshi vina TK yao, na mwenye VVU akiota magamba magumu kama sugu za mguu yasiyosikia asaiklovia kwa wiki nyingi, mshuku mbanguaji. CMV, virusi vingine vya ukoo huu, haina TK. Yenyewe hutumia kinasi iitwayo UL97 kuiamsha gansiklovia, na mabadiliko ya kutafuta ni kama M460V, H520Q, A594V na L595S. Tofauti ni kwamba CMV huihitaji sana UL97 kwa maisha yake, haiitupi yote kama herpesi inavyoitupa TK. Inabadilisha kipande kidogo tu.

Hatua ya 6: Kidonda kikirudi, rudi mwanzo

Herpesi haitoki mwilini. Inalala kwenye vifundo vya neva, na iliyolala pale ni ile iliyoingia tangu mwanzo, kwa kawaida yenye TK nzima. Vile vilivyofukuza mbanguaji vilizaliwa juu, kwenye ngozi, chini ya shinikizo la dawa. Ngozi ina seli zinazogawanyika, zenye malighafi ya DNA tele, virusi vinaweza kuishi bila TK. Seli ya neva haigawanyiki. Humo virusi visivyo na TK hupata taabu kuamka, isipokuwa vile vyenye chembe kidogo za kimeng'enya, kama wale wa G nane wanaoteleza.

Kwa hiyo kidonda kipya, hata kwa mtu aliyewahi kuwa sugu, mara nyingi ni cha virusi vya kawaida, na asaiklovia inastahili kupewa tena kwa dozi kamili huku ukimwita baada ya siku 7. Kisiposinyaa, unajua njia.

Mama yule alirudi mwezi wa nane, malengelenge matatu madogo mahali palepale. Nilipomwandikia asaiklovia alinitazama. "Si ulisema hii hainishiki?" Nikamwambia walioamka safari hii huenda ni wengine. Alicheka, akachukua karatasi. Siku ya sita yalikuwa yamekauka.

Faili lake lilikuwa limeandikwa juu, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wangu, SUGU KWA ASAIKLOVIA. Nililikata neno hilo kwa mstari mmoja, ili la zamani lisomeke, nikaandika chini yake: kidonda cha Desemba, kando ya njia ya haja kubwa, TK G nane, alipona kwa imikwimodi na ARV, kidonda cha Agosti, mahali palepale, alipona kwa asaiklovia miligramu 400 mara tatu, siku 6.